Binti yangu ana sungura 23 bandani, bibi yake anataka tuwale. Nyie mnakulaga sungura?

Baba wa Kihonda

Wakuu habari za jioni, naombeni mnivumilie uzi ni mrefu ila nahitaji mawazo ya watu maana humu ndani tumegawanyika pande tatu.

Mwaka jana mwezi wa tatu nilimnunulia binti yangu sungura wawili, dume na jike, pale soko la Mawenzi hapa Morogoro. Ana miaka 9. Nilitaka ajifunze kuhudumia kiumbe, aamke asubuhi akakate majani badala ya kukaa na simu ya mama yake, na kweli kajifunza kuliko nilivotegemea. Anajua mchunga unaota wapi mtaa mzima, anajua majani yenye umande lazima yanyauke kwanza ndo wapewe la sivyo wanavimba tumbo na kufa, akiona sungura anatikisa kichwa anamshika anaangalia masikio kama kuna ukurutu. Jike kampa jina Pamba, dume anaitwa Mzee Kijivu, na kila anayezaliwa anapewa jina siku anayofumbua macho.

Shida ni kwamba wanazaliwa kila siku. Mimba siku 30 au 31 hivi, Pamba akizaa watoto sita saba, na mabinti zake nao wakikua wanaanza. Leo wako 23. Banda nimeongeza mara mbili, pumba inanunuliwa kila wiki.

Sasa mama yangu kaja kutusalimia kutoka Kibosho. Siku ya kwanza tu kazunguka nyuma kaliangalia banda kaniuliza, "Mwanangu, hawa mnawasubiria nini?" Kwake yeye sungura ni mboga kama kuku alivo. Na mimi nisidanganye, nimekulia hiyo nyama, Jumapili tukitoka kanisani tunakuta imeshaiva na ndizi, na nyumbani hatukuwa na uwezo wa kununua nyama buchani kila wiki kwa iyo sungura na kuku ndo walitukuza sisi watoto sita. Sikuwahi kuiona kama nyama ya ajabu mpaka nilipokuja kuoa.

Mke wangu kwao Kilwa. Anasema sufuria yake haiingii sungura, kwamba akishachunwa anafanana na paka na yeye hawezi kulala nyumba ambayo kitu hicho kimepikwa. Binti ndo kabisa, tangu amsikie bibi yake akiongea analala na ufunguo wa kufuli la banda chini ya mto. Juzi usiku nimeingia kumfunika shuka nikauona, nikakosa raha hadi asubuhi.

Kwa iyo naombeni mnieleze ukweli wenu. Wewe unakula? Kama huli ni dini, kinyaa, huruma au basi tu hukuzoea?

Mchuuzi wa Tanga

Mkuu mimi sili, na sina sababu ya maana zaidi ya kwamba siwezi. Bibi yangu alitulaza kwa hadithi za sungura, sungura kamtega fisi, sungura kamzidi akili simba, sungura kawakutanisha tembo na kiboko wavutane kamba kila mmoja akidhani anavutana na sungura. Hadithi zote nilizosikia kabla ya kwenda shule sungura ndo mdogo kuliko wote na ndo anayeshinda, na mimi nilikuwa mdogo kuliko wote nyumbani. Sasa nimkute kwenye sahani? Aisee hapana. Mtu akila mbele yangu simkatazi ila mimi nitakula ugali na kachumbari.

Fundi Masufuria

Tanga nakuelewa sana ila nikuongezee kitu. Yule sungura wa hadithi ni wa porini, huku wengine tunamwita kitungule, mwenye miguu mirefu na masikio marefu anayelala juu ya ardhi kwenye majani. Mtoto wake anazaliwa ana manyoya na macho yamefumbuka. Huyu wa bandani ni mnyama mwingine kabisa, asili yake ni sungura wa mashimoni wa kule Hispania na kusini mwa Ufaransa, watoto wake wanazaliwa uchi na vipofu, ndo maana jike akikaribia kuzaa anajinyonyoa manyoya ya kifuani awatengenezee kiota. Na mababu zetu yule wa porini walimwinda kwa mbwa na nyavu wakamla, kisha jioni ileile wakakaa motoni wakamsimulia. Hawakuona mgongano. Mimi nakula.

Ustadhi Mtaani

Asalaam alaykum. Naona bado hajaja mtu kuuliza ila atakuja kwa iyo niseme mapema. Kwa sisi Sunni sungura ni halali, kuna hadithi ya Anas bin Malik iko kwa Bukhari na Muslim, walimkurupusha sungura sehemu inaitwa Marr al-Dhahran, Anas akamkamata, Abu Talha akamchinja akampelekea Mtume (s.a.w.) sehemu ya paja na Mtume akaipokea. Ndugu zetu wa Kishia Ithnaasheri wao kwao hafai, na hilo tuliheshimu tusianze kubishana humu. Kwa iyo shemeji wa Kilwa kama ni Muislamu asijibebeshe dhambi isiyokuwepo, lakini pia dini haimlazimishi mtu kula kitu ambacho nafsi yake imekikataa. Halali na kupenda ni vitu viwili.

Dada wa Sabato

Mimi ni Msabato na sili. Walawi 11 mstari wa 6 sungura katajwa kabisa kwenye wasio safi, anacheua ila hana kwato zilizopasuka, na Kumbukumbu la Torati 14 imerudia. Nimekuwa bweni na wenzangu wanakula mimi nachukua maharage, sijawahi kuona shida. Ila niseme la moyoni, watu wakijua huli kwa sababu ya imani wanaanza kukushawishi onja kidogo, onja mchuzi tu, hata kukuwekea bila kukwambia. Nilishafanyiwa hivo kwenye sherehe moja nikala nikaambiwa baadae, nililia. Haikuwa nyama iliyoniliza, ni kwamba mtu niliyemwamini aliona imani yangu ni kitu cha kuchezea. Baba wa Kihonda nakuomba chochote utakachoamua usimpikie mkeo wala mtoto kwa siri.

Daktari wa Ng'ombe na Mbwa

Niongezee hapo kwa dada. Sungura hacheui kama ng'ombe, tumbo lake ni moja, ila usiku anatoa kinyesi laini na anakila palepale kinapotoka, chakula kinapita mara ya pili ndo anapata virutubisho vyote. Ukimwangalia akiwa ametulia mdomo unatafuna tu muda wote. Kuna watu wakishaambiwa hili la kinyesi hawagusi tena nyama yake, nawaelewa, ila kuku wa kienyeji nao tunajua wanachokotoa wapi.

Lingine ambalo nalisikia kila siku kazini, kwamba sungura jike anapata hedhi kama mwanamke na ndo maana haliwi. SI KWELI. Sungura hapati hedhi, yai lake linatoka akishapandwa. Kile chekundu mnachokiona chini ya banda mara nyingi ni mkojo tu, rangi inatokana na majani aliyokula, siku mbili tatu unarudi kawaida. Ikiwa ni damu kweli na jike ni mzee hapo muite mtaalamu maana anaweza kuwa na uvimbe kwenye kizazi.

Na wewe mleta uzi shida yako ya kwanza hata sio kula, ni kwamba umewaweka madume na majike pamoja. Jike akizaa leo anaweza kupandwa leoleo akabeba tena. Tenganisha wakifika miezi mitatu, kila dume awe chumba chake maana wakikua wanapigana hadi kuhasiana kwa meno. Anza na hilo kesho.

Shamba Kiambu

Niko huku Kenya nikaona hii mada nikasema lazima niandike. Mimi nilikuwa sili sungura, kwetu ilikuwa ni kitu ya vijana wadogo, kijana anafuga nyuma ya nyumba na wanachinja wenyewe wanachoma na rafiki zake, mzee wa boma hawezi wekewa hiyo mezani. Halafu ikaja ile miaka kila mtu anaambiwa sungura ni pesa. Kuna watu walikuja na kandarasi, unanunua mbegu kwao bei ya juu, wanasema watakuja kununua nyama yote utakayotoa. Nilichukua mkopo nikajenga vizimba 60. Siku ya kuuza ilipofika simu haishikwi, ofisi imefungwa. Tulikuwa wengi. Na hii ilikuwa si mara ya kwanza, 2013 kuingia 2014 tulikuwa tumeona kware, yai moja likauzwa bei ya kustaajabisha, ikaanguka watu wakabaki na mayai hawajui wapeleke wapi. Hatukujifunza.

Nilichogundua ni kwamba wote tulikuwa tunafuga kitu ambacho sisi wenyewe hatuli. Tulikuwa tunangoja mtu mwingine mahali pengine ale. Hoteli ngapi zitakula? Nikakaa chini na mke wangu nikamwambia hawa wanyama wataisha kwa njia moja, sisi wenyewe tuanze. Mara ya kwanza nilitafuna nikiwa nimefumba macho. Ya pili nikafumbua. Saa hii tunakula kila wiki mbili na mama yangu mzee akija anauliza iko wapi. Mkojo nao tunaukinga chini ya vizimba, unachanganywa na maji unanyunyizia sukuma wiki, majirani wananunua. Nimebaki na majike sita tu na sina deni tena, lakini ile miaka ilinizeesha.

Mama Ntilie wa Ubungo

Nasoma hapa machozi yananilenga kwa huyo kaka wa Kiambu, pole sana.

Mimi niongelee jikoni maana naona watu wanaogopa nyama ambayo hawajawahi kuiona ikipikwa na mtu anayejua. Nyama ya sungura ni nyeupe kama ya kuku, mafuta ina kidogo sana, na hapo ndipo wengi wanapoharibu, wanaibandika kwenye moto mkali kama mbuzi inakauka inakuwa kama kamba halafu wanasema sungura hana ladha. Mchinje, mchune, mkate vipande nane au tisa, loweka kwenye ndimu na tangawizi na kitunguu saumu usiku mzima, asubuhi chemsha kwa moto mdogo na chumvi karibu saa zima, mkubwa hata zaidi. Ndo sasa uunge na kitunguu, nyanya, karoti, tui zito mwishoni. Mishkaki sikushauri, labda uwe unapaka mafuta kila dakika.

Na kuhusu paka, hiyo hofu ni ya kweli msiidharau, mwili uliochunwa bila kichwa bila miguu hata mimi unaweza ukanichanganya. Ukinunua mwambie muuzaji akuachie mguu mmoja wa nyuma na manyoya yake. Paka chini ya mguu ana vile vinyama laini vya kukanyagia, sungura hana, ni manyoya matupu. Mguu mmoja tu unakutoa wasiwasi.

Mpishi Ughaibuni

Mama Ntilie umenikumbusha mbali. Nafanya kazi jikoni huku Italia na huku sungura ni nyama ya kawaida, Wafaransa na Wahispania vilevile, na Malta ndo kabisa sungura wa kuchemshwa kwa divai ndo chakula chao cha taifa. Ila hiyo hofu ya paka hata wao wanayo tangu zamani, Wahispania mtu akikutapeli wanasema amekupa paka badala ya sungura wa porini, na sokoni huku unaweza kumkuta anauzwa na kichwa chake ili mnunuzi aone. Waingereza wao wakati wa vita kuu ya pili walihimizwa kufuga sungura nyumbani maana nyama ilikuwa ya mgao, halafu 1953 ukaingia ugonjwa wa miksomatosisi ukaua sungura wa porini kwa mamilioni, watu wakawa wanawakuta wamevimba macho barabarani wakaichukia ile nyama. Mpaka leo Waingereza wengi kwao sungura ni wa kubembeleza. Yaani kizazi kimoja tu kinatosha chakula kuacha kuwa chakula.

Mwalimu wa Awali

Mimi naomba nimsemee mtoto maana naona watu wazima tunajadili nyama.

Nikiwa darasa la tano nilikuwa na sungura wangu mmoja, mweusi, tulimwita Kahawa. Nikatoka shule nikakuta kapikwa kwa sababu walikuja wageni. Hakuna aliyeniambia, nilikaa mezani nikala, nikaenda bandani kumpelekea maganda nikakuta mlango uko wazi. Baba alisema nisidekezwe, mifugo ni mifugo. Sasa nina miaka 41, nakula ng'ombe, nakula mbuzi, nakula kuku niliyemchinja kwa mkono wangu, ila sungura nikisikia harufu natoka nje. Sijawahi kumlaumu baba kwa kuchinja, tulikuwa maskini na wageni walikuwa wa heshima. Namlaumu kwa kuniacha nikale bila kujua.

Huyo binti anayelala na ufunguo anakwambia kitu. Ongea nae kabla hujaongea na sisi.

Baba wa Kihonda

Jamani nimesoma zote. Mwalimu ya kwako nimeisoma mara tatu nikaizima simu nikakaa nje.

Siku nne zimepita, naleta mrejesho.

Jumamosi nilimchukua binti tukakaa pale bandani tukahesabu wote 23 kwa majina. Nikamwambia ukweli wote, kwamba banda halitoshi, hela ya pumba haitoshi, na kwamba nikiwa na umri wake mimi nilikula sungura na walitufanya tukue. Akaniuliza kama niliwapenda. Nikamwambia ndio, nilikuwa nawakatia majani kama yeye. Akanyamaza muda mrefu halafu akaniuliza sasa nilifanyaje siku ile ya kuwala. Sikuwa na jibu zuri. Nilimwambia nyumbani kwetu wale wa kuliwa bibi hakuwapa majina, na wale wawili watatu wa kuzalisha walikuwa na majina na hawakuguswa mpaka walipokufa kwa uzee. Hilo nilikuwa nimelisahau kabisa, limenijia pale pale namjibu.

Tukakubaliana hivi. Aliowapa majina hawaliwi na mtu humu ndani, mimi nimempa neno langu. Madume tumeyatenganisha kama daktari alivosema, nimetumia mbao za lile kabati bovu. 14 wametafutiwa watu wanaotaka mbegu, binti alikuwa anawauliza mwenyewe mna banda la namna gani, mmoja kakataliwa. Watakaozaliwa kuanzia sasa kasema atafikiria kama atawapa majina au hapana, nimemwambia hakuna haraka. Ufunguo bado anao ila sasa iv unakaa kwenye msumari ukutani.

Mama yangu nae nilimweleza, mwanzoni aliona tumemshinda nguvu, akanyamaza siku nzima. Jumatatu akatoka mwenyewe akaenda kwa jirani anayefuga mtaa wa pili akanunua sungura mmoja kwa hela yake, akaomba jiko la mkaa la mpangaji na sufuria yake, akapikia nje chini ya mwembe ili sufuria za mke wangu zisiguswe. Ndizi alikuja nazo kutoka Kibosho. Ile harufu jamani, nilirudi miaka 30 nyuma nimesimama tu getini.

Mke wangu hakula, ila alitoa kiti akakaa nje na sisi, na mimi hilo lilinitosha. Tulipokuwa tunapakua binti akamsogelea bibi yake akamuuliza, "Bibi, huyu alikuwa anaitwa nani?" Mama akaweka mwiko chini akamwangalia, akamwambia, "Hakuwa na jina mjukuu wangu, nilimuuliza mwenye nae kabla sijanunua."

Binti akachukua sahani, akaomba ndizi na mchuzi, nyama akamwambia bibi amwekee baba.